Mafua ya 1918 katika Ushoroba wa Tunduma: Kirusi, Mpaka na Njaa katika Historia ya Songwe

1.0 Utangulizi

Katika historia iliyoandikwa ya eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe, mwezi Novemba 1918 hutajwa kwa jambo moja, nalo ni vita. Jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck lilipita hapa likielekea Rhodesia ya Kaskazini, likaishambulia ngome ya Waingereza iliyokuwa Fife, karibu na mji wa sasa wa Nakonde, kisha likasalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba. Habari hizo zimeandikwa na kurudiwa na waandishi wengi. Adui mwingine aliyepita njia hiyohiyo katika majuma yaleyale, ambaye hakubagua askari, mpagazi wala mama aliyekuwa shambani, amepewa mistari michache tu.

Adui huyo ni homa ya mafua iliyoenea duniani kote mwaka 1918 na 1919, ambayo inakadiriwa kuwa iliua watu milioni 50 au zaidi. Makala haya yanaichunguza homa hiyo katika mazingira mawili. La kwanza ni ushoroba wa nchi kavu ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ambao Tunduma ndiyo lango lake. La pili ni safari ya virusi vya mafua kutoka kwa ndege hadi kwa binadamu, na kutoka kwa binadamu hadi kwa nguruwe. Hoja inayotetewa ni kwamba mafua ya 1918 hayakusahaulika Songwe kwa kuwa yalikuwa madogo. Yalikumbukwa kwa jina jingine, yaani njaa. Aidha, swali la mnyama aliyekitoa kirusi halina budi kutenganishwa na swali la nani aliyekibeba hadi vijijini, kwa kuwa majibu yake yanapatikana mahali tofauti kabisa.

2.0 Ushoroba na Sotoka

Msafiri anayetoka kusini kwenda kaskazini katika sehemu hii ya Afrika hukutana na maziwa mawili marefu yaliyolala kama kuta. Kati ya ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika ipo nchi ya juu yenye nyasi na miombo, ambamo Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Wawanda na Walambya wameishi kwa vizazi vingi. Misafara ya pembe za ndovu ilipita humo. Katika miaka ya 1880 Waingereza walianza kutengeneza barabara kutoka Karonga kuelekea Ziwa Tanganyika, iliyoitwa Barabara ya Stevenson kwa jina la tajiri aliyeigharimia. Mkataba uliotiwa saini tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani uliugawa ushoroba huo kwa mstari uliofuata kwa sehemu Mto Songwe. Wanyamwanga wakajikuta wako pande zote mbili za mstari ambao wao hawakuuchora.

Mstari huo ulikuwa bado mbichi wakati kirusi cha kwanza kilipoudhihaki. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Afrika kupitia pwani ya Bahari ya Shamu mwaka 1887, ulishuka kusini kupitia Ethiopia na nchi ya Wamasai, na kufikia mwaka 1892 ulikuwa umefika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki inasemekana ng'ombe tisa katika kila kumi walikufa. Nyati na pofu nao walianguka. Ugonjwa ulisita kwa muda kwenye Mto Zambezi, na mwaka 1896 ukavuka na kuingia Bulawayo.

Kirusi cha sotoka hakikumwambukiza binadamu. Hata hivyo, ni ndugu wa karibu wa kirusi cha surua, na wataalamu wa vinasaba wanakubaliana kwamba surua ilitokana na kirusi cha ng'ombe kilichohamia kwa binadamu zamani, katika jamii zilizoishi kwa msongamano na mifugo yao. Kwa hiyo watoto waliougua surua Mbozi na ng'ombe waliokufa kwa sotoka Mbozi waliuguzwa na matawi mawili ya ukoo mmoja. Jambo hilo halikujulikana wakati ule. Lililojulikana ni kwamba ng'ombe wakifa, mahari hukwama, samadi hukosekana, maziwa hukauka, na binadamu asiyeugua hudhoofika pamoja na zizi lake.

Serikali za kikoloni zilijifunza somo la sotoka kwa haraka isiyo ya kawaida. Ugonjwa huo ulipotishia tena kushuka kusini mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940, ng'ombe wa ushoroba huu walichanjwa na uzio wa kuwazuia wanyamapori ukawekwa kati ya maziwa mawili, ili kuyalinda mashamba ya wafugaji wa Rhodesia na Afrika Kusini. Inafaa kulikumbuka jambo hilo wakati wa kusoma sehemu inayofuata, kwa maana mwaka 1918, ugonjwa uliowaua binadamu ulipopita katika ushoroba uleule, hakuna aliyefikiria kitu chochote kinachofanana na uzio.

3.0 Novemba 1918

Wimbi la pili la mafua, ambalo ndilo lililoua zaidi, lilifika Freetown nchini Sierra Leone mwezi Agosti 1918 na Cape Town mwezi Septemba. Kutoka Cape Town lilipanda treni. Reli iliunganisha bandari hiyo na Bulawayo, na Bulawayo na Broken Hill, mji ambao sasa unaitwa Kabwe. Kwa upande wa mashariki, bandari ya Mombasa nayo ilipokea ugonjwa kwa njia ya meli mwezi Septemba. Ushoroba wa Tunduma ulikuwa mbali na bandari zote hizo, na kama ingekuwa miaka ya amani pengine mafua yangechelewa sana kuufikia. Lakini haikuwa miaka ya amani.

Tangu mwezi Mei 1916, wakati majeshi ya Jenerali Edward Northey yalipovuka mpaka kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland kuingia Afrika Mashariki ya Kijerumani, ushoroba huu ulikuwa njia kuu ya kulisha vita. Kutoka Broken Hill hadi ushoroba huu hapakuwa na reli. Unga, risasi, dawa na mahema vilisafirishwa vichwani na mabegani mwa watu. Wapagazi hao, walioitwa tenga-tenga, walikusanywa kwa maelfu kutoka vijiji vya pande zote za mpaka, wakatembea kwa majuma, wakalala wamebanana katika kambi za njiani, wakala chakula kidogo na kunywa maji ya mito waliyoivuka. Ikiwa mtu angetaka kubuni chombo cha kusafirishia ugonjwa wa mapafu kutoka kwenye reli hadi kwenye kijiji kisichokuwa na barabara, asingebuni kilicho bora kuliko hicho.

Upande wa Wajerumani hali ilikuwa mbaya vilevile. Lettow-Vorbeck alivuka Mto Ruvuma kurudi kaskazini mwishoni mwa Septemba 1918, akapita Ungoni, na katikati ya Oktoba alikuwa Ubena, ambako alimwacha Jenerali Kurt Wahle akiwa mgonjwa. Katika kumbukumbu zake za vita alitaja ugonjwa wa mapafu uliozuka katika safu yake wakati wa safari hiyo ya mwisho. Safu yenyewe haikuwa ya askari tu. Ilikuwa na wapagazi, wanawake na watoto waliotembea pamoja na jeshi kwa miaka. Mwanzoni mwa Novemba ilifika mpakani, ikashindwa kuiteka ngome ya Fife, ikapita Mwenzo penye misheni ya Waskoti, na tarehe 9 Novemba ikaingia Kasama. Habari za kusimamishwa kwa vita Ulaya zilimfikia Lettow-Vorbeck siku chache baadaye, karibu na Mto Chambeshi.

Hivyo, katika majuma machache, safu mbili za watu waliochoka zilipishana katika nchi moja nyembamba, huku moja ikitoka kusini penye reli na nyingine ikitoka kaskazini mashariki. Kubishana kuhusu ni ipi kati ya hizo iliyoleta mafua Songwe hakuna faida kubwa. Zote mbili zilikuwa zimekwisha kuambukizwa, na zote mbili zilipita kwenye vijiji vilevile zikitafuta chakula kilekile.

Amani ilizidisha mambo. Vita vilipokwisha, wapagazi walipewa ruhusa ya kurudi makwao kwa wakati mmoja. Kila mtu alikwenda kijijini kwake, kwa mke wake na wazazi wake, akiwa na malipo kidogo, nguo moja na kikohozi. Waliosalimu amri Abercorn walipelekwa kwa Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kisha kwa reli hadi Tabora na Dar es Salaam, na mafua yaliendelea kuwaua wakiwa kizuizini. Kwa nchi nzima ya Tanganyika, makadirio yanayonukuliwa mara kwa mara na wanahistoria ni kati ya vifo 50,000 na 80,000. Makadirio hayo ni ya serikali iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kuhesabu watu wake, na haifai kuyachukua kama hesabu ya duka.

4.0 Njaa Iliyoufunika Ugonjwa

Mwanaanthropolojia James Ellison, aliyeandika kuhusu athari za mafua hayo kusini magharibi mwa Tanzania katika kitabu kilichohaririwa na Howard Phillips na David Killingray mwaka 2003, aliipa sura yake jina linalotokana na njaa kali. Uteuzi huo wa jina una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Mtafiti anayekwenda Unyiha akiuliza habari za mafua ya 1918 anaweza kurudi na daftari tupu, ilhali anayeuliza habari za njaa ya wakati wa mwisho wa vita atasikia mengi.

Sababu yake iko kwenye kalenda ya kilimo. Katika nyanda hizi mvua huanza Novemba, na majuma yanayofuata ndiyo ya kulima na kupanda. Zao lililotegemewa katika Unyiha lilikuwa ulezi, zao linalodai kazi nyingi kwa wakati maalumu. Miti hukatwa na kuchomwa, au majani hufukiwa, ardhi hulainishwa, mbegu humwagwa na magugu hupaliliwa kwa mkono. Mafua ya kawaida huwaua zaidi wazee na watoto wachanga, na familia huomboleza lakini shamba hulimwa. Mafua ya 1918 yalikuwa na tabia ya ajabu ambayo imethibitishwa karibu kila mahali duniani, kwamba yaliwaua kwa wingi watu wenye umri kati ya miaka 20 na 40. Hao ndio wenye shoka na jembe. Walioponea walibaki dhaifu kwa majuma. Mvua haikuwasubiri.

Isitoshe, ghala zilikuwa tayari tupu. Majeshi mawili yalikuwa yamekula nchi hiyo kwa zaidi ya miaka miwili, mara nyingine kwa kununua na mara nyingi kwa kunyang'anya, na mifugo ilikuwa imechukuliwa. Vijana waliokuwa wapagazi hawakuwa wamelima mashamba yao wenyewe kwa misimu kadhaa. Mafua yalipofika hayakuikuta jamii iliyokuwa na akiba ya kuvuka msimu mmoja mbaya. Njaa ya 1919 ilikuwa matokeo ya hayo yote kwa pamoja. Wala Songwe haikuwa peke yake, kwa kuwa Wagogo wa katikati ya nchi wanaikumbuka njaa ya miaka hiyo kwa jina la Mtunya, na huko pia vita, ukame na magonjwa vilishikana mikono.

Inaeleweka basi kwa nini kumbukumbu ya jamii ilichagua neno njaa. Ugonjwa wenyewe ulipita kila nyumba kwa siku chache. Mtu alishikwa na homa, akakohoa, na pengine akafa kabla ndugu wa mbali hawajapata habari. Njaa ilikaa karibu na moto kwa mwaka mzima. Iliwatuma watu kwenda kuomba hifadhi kwa wakwe, ikawaoza mabinti mapema, ikawalazimisha wengine kutafuta kazi ya ujira mbali na kwao, na ikabadilisha kilichopandwa shambani. Jamii hukumbuka jambo lililobadilisha mahusiano yake, na kwa kipimo hicho Wanyiha walikumbuka sawasawa kabisa. Kosa ni la wanahistoria waliokwenda kutafuta ugonjwa kwa jina la hospitali mahali ambapo hapakuwa na hospitali.

Lipo pia suala la ukimya wa maandishi. Wamisionari Wamoravia waliokuwa na kituo Mbozi tangu mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa Wajerumani, na Waingereza waliwaondoa katika vituo vyao wakati wa vita. Utawala wa Kijerumani ulikuwa umekwisha, na wa Kiingereza ulikuwa mikononi mwa maofisa wachache wa kijeshi waliotawala wilaya kubwa kupita uwezo wao. Wale ambao kwa kawaida wangeandika barua na taarifa za vifo hawakuwapo. Ukimya wa nyaraka wa Novemba na Desemba 1918 umetokana na kutokuwapo kwa waandishi, na mtafiti asiyelizingatia hilo ataudhania kuwa ni ushahidi wa afya njema.

5.0 Ndege, Binadamu na Nguruwe

Kirusi chenyewe kilitoka wapi? Swali hili lilijibiwa polepole sana, na sehemu ya jibu ilitoka kwenye zizi la nguruwe. Mwaka huohuo wa 1918, huko Iowa nchini Marekani, mkaguzi wa mifugo J. S. Koen aliona nguruwe wakiugua ugonjwa uliofanana na ule wa wafugaji wao, akasisitiza kuwa ni mafua yaleyale. Wafanyabiashara wa nyama ya nguruwe hawakufurahi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Richard Shope alithibitisha kwamba ugonjwa wa nguruwe ulisababishwa na kirusi, na mwaka 1933 wanasayansi wa London walikipata kirusi cha mafua ya binadamu kwa kuwaambukiza vicheche wa maabara. Ilichukua miaka mingi zaidi kupata kirusi cha 1918 chenyewe. Vipande vya mapafu vilivyohifadhiwa na jeshi la Marekani, pamoja na mwili wa mwanamke aliyezikwa kwenye ardhi ya barafu huko Alaska, vilimwezesha Jeffery Taubenberger na wenzake kusoma vinasaba vyake vyote kufikia mwaka 2005.

Matokeo yalionyesha kirusi chenye asili ya ndege. Mabata na ndege wengine wa majini ndio makao ya kale ya virusi vya mafua aina ya A, na mara nyingi hawaugui. Vinasaba vya kirusi hicho vimegawanyika katika vipande 8. Virusi viwili vikiingia katika seli moja vinaweza kubadilishana vipande, kama wachezaji wanaochanganya karata za seti mbili. Nguruwe ana nafasi ya pekee hapa, kwa kuwa njia yake ya hewa ina vipokezi vinavyoweza kupokea virusi vya ndege na vya binadamu pia. Hata hivyo ushahidi wa mwaka 1918 unaelekea kuonyesha kwamba nguruwe wa Iowa waliambukizwa na binadamu. Kirusi kilivuka kutoka kwa mfugaji kwenda kwa mfugo, na kizazi chake kikaendelea kuishi bandani kwa miongo mingi. Mwaka 2009 kizazi hicho, kikiwa kimechanganyika na vipande vya virusi vingine vya ndege, binadamu na nguruwe, kilirudi kwa binadamu kama homa iliyotangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa janga la dunia tarehe 11 Juni. Tanzania ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza mwezi Julai.

Kwa historia ya Songwe maana yake ni hii. Kirusi kilichowaua Wanyiha mwaka 1918 kilikuwa kimekwisha kuvuka kutoka kwa mnyama kabla ya kufika Afrika. Hakuna ndege wa Ziwa Rukwa wala nguruwe pori wa Momba anayehusika. Hoja hii si ndogo, kwa sababu imekuwa desturi katika maandishi ya afya kuitazama Afrika kama chungu ambamo magonjwa ya wanyama hupikwa kisha kusambazwa duniani. Mwaka 1918 ushoroba wa Tunduma ulipokea ugonjwa uliopikwa kwingine, ukiletwa na vita vilivyoanzishwa na wengine, juu ya vichwa vya watu waliobebeshwa mizigo isiyokuwa yao.

6.0 Tunduma Baada ya Miaka Mia Moja

Mahali ambapo wapagazi walipita leo pana barabara kuu ya kwenda Zambia, reli ya TAZARA iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, na Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani kilichozinduliwa na marais wa nchi mbili tarehe 5 Oktoba 2019. Foleni ya malori hufika mbali. Mwezi Mei 2020, wagonjwa wengi wa UVIKO-19 walipogunduliwa Nakonde, serikali ya Zambia iliufunga mpaka kwa siku kadhaa, na madereva waliokwama walilala pale ambapo tenga-tenga walilala, wakipikiwa na kuuziwa vyakula na akina mama wa mji uleule.

Mabadiliko makubwa zaidi yako bandani. Mbozi na wilaya jirani sasa ni miongoni mwa maeneo ya nyanda za juu kusini yanayojulikana kwa ufugaji wa nguruwe, na kaya nyingi zinategemea nguruwe wawili watatu kulipia ada za shule na pembejeo. Mwaka 2010 homa ya nguruwe ya Afrika ililipuka Kyela, karibu na mpaka wa Malawi, ikaenea hadi mikoa mingine ya nchi. Kirusi chake, ambacho kwa asili huishi kwa ngiri na papasi, hakimwambukizi binadamu na hakina uhusiano wowote na mafua, ingawa sokoni magonjwa haya mawili huchanganywa kwa sababu ya jina. Kuchanganya huko kuna gharama. Mfugaji anayeogopa kwamba zizi lake litafungwa humuuza haraka nguruwe anayekohoa kabla bwana mifugo hajafika, naye nguruwe huyo husafirishwa.

Udhibiti wa mpakani umejengwa juu ya mgawanyo wa kale. Ofisa wa afya hupima joto la abiria, na ofisa wa mifugo hukagua kibali cha mnyama. Mwaka 2018 serikali ilizindua Dawati la Uratibu wa Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu ili wataalamu wa binadamu, mifugo na wanyamapori wafanye kazi pamoja. Katika Songwe kazi hiyo inahitaji kuanza na mwelekeo ambao Koen aliuona Iowa na ambao bado hauangaliwi sana. Nchini Kenya na Cameroon, baada ya mwaka 2009, watafiti walikuta nguruwe wa kufugwa wameambukizwa kirusi kilekile cha janga la mwaka huo, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba walikipata kwa watu. Dereva mwenye mafua anayeshuka Tunduma kula chakula cha usiku humwambukiza mhudumu wa mgahawa, naye mhudumu, akirudi nyumbani Mbozi mwisho wa juma, ndiye anayewapelekea nguruwe pumba asubuhi.